Sonona iliyokuwa nusu ya ugonjwa: uchambuzi wa kisa cha fundi cherehani

Kwa nini kisa hiki

Mwanamke tutakayemwita Mama Zuhura alitibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya wilaya, pwani ya Tanzania, wakati mimi nikiwa daktari pekee wa kliniki hiyo. Jina si lake. Mji, umri kamili na baadhi ya mambo ya nyumbani kwake nimeyabadilisha. Yeye na dada yake walisomewa maandishi haya wakaridhia yatolewe.

Nawaandikia hasa wenzangu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, ambako daktari bingwa wa magonjwa ya akili hayupo na mgonjwa akishaingia mlangoni ni wako. Kwenye jalada lake tuliandika "sonona", yaani ugonjwa wa moyo kushuka. Kwa siku ile neno hilo lilikuwa sahihi, kila dalili ilikuwepo. Hata hivyo tulikosea aina, na kosa la aina lilimgharimu.

Usuli

Mama Zuhura ana miaka arobaini na ushei, mama wa watoto 3. Ni fundi cherehani, hushonea barazani kwake madira, magauni na sare za harusi, na mtaani anajulikana kwa mkono wake safi. Mumewe alifariki miezi 14 kabla hatujaonana naye. Alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, akatoka na kurudi kwenye cherehani. Kwa karibu nusu mwaka alifanya kazi kama kawaida. Baada ya hapo, kwa maneno ya dada yake mdogo anayeishi naye, "akaanza kuzima kama taa ya mafuta inayoishiwa".

Miezi minne alizunguka. Zahanati walimpa dawa ya mseto mara mbili, na mara moja kati ya hizo kipimo cha malaria kilikuwa hakijaonyesha kitu. Duka la dawa walimtibu taifodi. Kituo kingine walisema vidonda vya tumbo, wakampa omeprazoli. Nyumbani walimpeleka kwa shehe akasomewa, akanywa kombe, na mwenyewe alisema lilimpa usingizi usiku mmoja mmoja. Siwalaumu hata mmoja kati yao. Alikuwa akilalamikia kichwa, moyo na tumbo, na kila aliyemwona alishughulikia kile alichotajiwa.

Hakuwa na presha wala kisukari, hakunywa pombe, hakuwa na dawa anayotumia kila siku. Penye "historia ya ugonjwa wa akili" muuguzi wa mapokezi alijaza: hakuna.

Siku ya kwanza

Alikuja na dada yake. Tulimwomba dada asubiri nje kwenye benchi ili mgonjwa azungumze kwa uhuru. Uamuzi huo nitaurudia mbele.

"Daktari, kichwa kinawaka kama kimepakwa pilipili. Moyo unakwenda mbio. Mwili hauna nguvu. Usiku macho makavu." Nilipomuuliza kama ana huzuni alijibu mara moja: "Hapana, namshukuru Mungu." Watu wengi wa kwetu hujibu hivyo. Kusema una huzuni mbele ya mgeni ni kama kumlalamikia Muumba, au kuifungua nyumba yako kwa mpita njia. Kwa hiyo nililiacha neno huzuni, nikamuuliza kuhusu harusi. Sare za harusi ndiyo kazi aliyoipenda.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Juzi jirani anaoza. Nikisikia ngoma natamani wanyamaze."

Hapo mlango ulifunguka. Vitambaa vya wateja vilikuwa vimekaa kwenye mifuko ya plastiki wiki kwa wiki, kila mmoja na jina lake, na wenyewe walikuwa wakija kudai. Hata wanawe alikuwa akiwakwepa, asikutane nao macho. Alikula matonge mawili akaona kinyaa. Aliamka saa nane usiku, akakaa kitandani hadi adhana. Alijiona mzigo. Vidole vyake nilivitazama: fundi wa kila siku huwa na vitundu vya sindano kwenye kidole gumba na cha shahada, vyake vilikuwa laini kabisa.

Tulijaza dodoso la PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Alama 5 ni mwanzo wa sonona nyepesi, 10 ya kati, 15 nzito kiasi, 20 nzito. Yeye alipata 17. Swali la tisa, linalohusu kutamani kufa au kujidhuru, alilijibu kwa sauti ya chini: "Naomba tu Mungu anichukue." Nikaendelea kuuliza bila kuzunguka: amewahi kupanga namna? Ana kitu nyumbani alichokiweka kwa kazi hiyo? Amewahi kujaribu? Yote hapana. Wapo wenzetu wanaoogopa kwamba ukimuuliza mtu juu ya kujiua utakuwa umempa wazo. Wazo kama lipo limeshamfikia kabla yako, na kuulizwa kwa upole mara nyingi humpunguzia upweke.

Tulivyopima aina, na maamuzi ya siku ile

Sonona si ugonjwa wa sura moja. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, DSM-5 wa 2013, unataka dalili 5 kati ya 9 kwa angalau wiki 2, na mojawapo lazima iwe moyo kushuka au kukosa raha na mambo uliyoyapenda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, una dalili 10, kwani kukata tamaa umekuweka peke yake. Kwa mwongozo wowote kati ya hiyo miwili Mama Zuhura alifika. Kazi iliyobaki ilikuwa kujua ni sonona ipi.

Tulianza na mwili. Upungufu wa damu, virusi vya UKIMWI, sukari, tezi ya shingo inayozembea, yote haya yanaweza kumvika mtu sura ya sonona, na dawa pia zinaweza: steroidi, kwa mfano, au efavirenzi iliyotumika miaka mingi kwenye matibabu ya VVU. Damu yake (hemoglobini) ilikuwa 10.9, pungufu, tukampa vidonge vya madini ya chuma tukijua kwamba upungufu huo peke yake hauelezi hali yote. Sukari na VVU salama. Sampuli ya tezi ilikwenda mkoani, majibu yakarudi baada ya siku 10 yakiwa ya kawaida.

Msiba ulituchukua muda mrefu zaidi. Mjane anayelia si mgonjwa. Lakini mjane anaweza kuugua, na tangu 2013 mwongozo wa Marekani uliondoa kile kifungu kilichokuwa kikimzuia daktari kuitaja sonona miezi miwili ya mwanzo baada ya kufiwa. Upo pia msiba uliokwama, ambao ICD-11 huutambua baada ya miezi 6 na mwongozo wa Marekani baada ya miezi 12: mtu anamtamani marehemu kila siku, hakubali kwamba amekwenda. Mama Zuhura alimtaja mumewe kwa utulivu. "Yule amepumzika," alisema. Kilichomtesa ni kujiona hafai yeye mwenyewe, na hiyo ni alama ya sonona kuliko ya msiba. Aliyefiwa hupata mawimbi. Katikati ya mawimbi anaweza kucheka akikumbuka kituko cha marehemu. Yeye hakuwa na katikati.

Sonona sugu tuliiondoa haraka. Hiyo hudai miaka 2 kwa mtu mzima, mwaka 1 kwa mtoto, na mara nyingi mgonjwa hukwambia "mimi ndivyo nilivyo", hakumbuki alipokuwa mzima. Yeye alikumbuka vizuri. Sauti za ajabu au imani za kutisha, zinazoashiria sonona yenye dalili za kuchanganyikiwa, hazikuwepo. Kuhusu sonona ya msimu sitasema mengi: iliandikiwa zaidi nchi zenye baridi na giza la miezi, na huku kwetu karibu na ikweta sijaiona ikisaidia.

Kisha akataja jambo ambalo tulilifurahia bila kulitafuna. Baada ya kujifungua mtoto wa mwisho, miaka 15 iliyopita, "niliugua, mtoto nikawa simtaki, nikakaa kwa mama miezi mitatu." Hakutibiwa. Kwa maelezo yake ilikuwa sonona ya uzazi, ile inayoanza ukiwa mjamzito au wiki chache baada ya kujifungua. Tukaandika: sonona inayojirudia, kipindi cha sasa cha kati kuelekea nzito. Tukaona tumemaliza.

Lilibaki swali moja, la hali ya kupanda, kinyume cha sonona: nguvu na maneno kupita kiasi, usingizi kidogo, hali ambayo kitaalamu huitwa mania. Nilimuuliza hivi: "Umewahi kuwa na furaha iliyopitiliza?" Akanitazama kama mtu aliyesikia matusi. "Furaha? Mimi?" Nikaandika: hana historia ya mania.

Dawa tuliyochagua ilikuwa fluoksetini miligramu 20 asubuhi. Amitriptilini ilikuwepo na ingemletea usingizi mapema, lakini mtu anayeomba afe hupaswi kumkabidhi pakiti ya amitriptilini, maana vidonge vingi kwa mkupuo husimamisha moyo. Dawa alikabidhiwa dada, atoe kimoja kimoja. Tulimweleza kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa na kwamba kichefuchefu cha mwanzo hupita. Tukampa na kazi ndogo: kila siku apinde pindo moja tu la nguo moja, hata kama hana hamu, kisha aweke sindano chini. Miadi baada ya wiki 2, na namba ya simu ya kliniki mkononi mwa dada.

Wiki ya pili hadi ya sita

Wiki ya pili alikuwa vilevile, kichefuchefu kidogo, mapindo manne. Hatukubadilisha kitu.

Wiki ya nne aliingia akicheka. Alama za PHQ-9 zilikuwa 3. Alileta vitambaa vya mezani vilivyodariziwa, kimoja kwa kila mfanyakazi wa kliniki, mpaka mlinzi. Alizungumza kwa haraka, akamsifia muuguzi nywele, akatuombea dua ndefu, akasema amelipa wateja wote deni lao la nguo. Niliandika: "ameimarika sana, aendelee na dozi." Ile furaha yetu naikumbuka vizuri. Kliniki kama yetu haipati ushindi mwingi, na huu ulikuja umedariziwa maua.

Nikiyasoma maelezo yale sasa naona kila kitu kilikuwa mezani, kwa maana halisi. Vitambaa 9 vya darizi kwa wiki mbili, juu ya viporo vyote vya wateja. Hilo haliwezekani kwa mtu anayelala.

PHQ-9 haina swali hata moja linaloangalia upande wa juu. Mtu aliyepanda anaweza kupata alama nzuri kuliko mtu asiyeumwa.

Wiki ya sita dada na binti mkubwa walimleta asubuhi, kanga mabegani, sauti imekauka kwa kuongea. Hakuwa amelala usiku tano. Alikopa kwenye vikoba viwili, akanunua majora ya kitambaa yakajaa barazani, akauza cherehani yake ya zamani ili anunue tatu za umeme. Aliwaambia majirani anafungua duka Muscat na wote atawachukua. Aliyempinga alitukanwa. Binti, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa hajaenda shule wiki nzima kwa sababu mama alimtaka amshikie mkasi usiku.

Wodini

Tulisimamisha fluoksetini siku hiyohiyo. Wenzangu wakumbuke kwamba dawa hii haitoki mwilini upesi: mabaki yake hukaa wiki kadhaa, hivyo kusimamisha ni mwanzo tu. Nilimpigia simu daktari bingwa wa hospitali ya rufaa. Kati ya dawa za kumtuliza aliyepanda, kabatini kwetu kulikuwa na haloperidoli, kabamazepini na sodiamu valproeti. Valproeti tuliiacha kwa makusudi. Mama Zuhura alikuwa bado anapata hedhi, na dawa hiyo huharibu mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wanaoweza kushika mimba wasipewe. Lithiamu hudai kupimwa kiwango chake kwenye damu mara kwa mara, kipimo ambacho hatukuwa nacho. Siku mbili za kwanza alitulizwa kwa haloperidoli, halafu olanzapini miligramu 10 usiku ikaletwa kutoka mkoani. Usiku wa tatu alilala saa saba mfululizo. Chumba tulikiweka kimya, wageni wawili tu kwa siku, simu yake ikakaa kwa dada kwa ridhaa aliyoitoa akiwa ametulia kidogo.

Siku ya nne binti alikuja na daftari.

Lilikuwa daftari la vipimo, lile ambalo kila fundi analo: jina la mteja, kifua, kiuno, urefu, tarehe ya kuletwa na ya kuchukuliwa. Jalada limekwisha, kurasa zina alama za chaki na mafuta ya cherehani. Binti hakulileta kwa ajili yetu. Alitaka mama aseme nguo ya nani ni ipi, maana watu walikuwa wanagonga mlango. Nikaomba nilitazame nikisubiri mgonjwa aamke.

Kwa miezi mingi maandishi yalikwenda sawasawa, nguo 3 au 4 kwa wiki, mwandiko wa mviringo. Kisha, kama miaka miwili nyuma, mwandiko ulipanuka na kulala upande, vipimo vikaandikwa hadi pembezoni, na ndani ya siku 12 aliandikisha nguo 61. Nyingine hazikuwa na kipimo cha kiuno. Baada ya hapo, kurasa mbili tupu. Kwa miezi mitatu iliyofuata niliona majina mawili tu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa sikukuu. Kwa fundi wa pwani, siku za kuelekea Idd ni za kukesha, na nguo 61 zisingenishangaza. Nikaomba kalenda. Zile siku 12 zilikuwa mbali na Idd zote mbili, na mbali na kufungua shule. Tulirudi nyuma zaidi tukakuta mlima mwingine, mfupi, na bonde lake.

Nilimwita dada, safari hii ndani. Nikamuonyesha kurasa. "Ah," akasema, "hiyo si alipandwa." Akaeleza bila shida yoyote, kama mtu anayesimulia jambo ambalo kila mtu anajua. Miaka 9 iliyopita dada yake alipandwa na jini kwa wiki tatu: halali, anaimba, anagawa vyombo vya ndani, anapika pilau la watu hamsini hana hata sukari ya chai. Walimchezea ngoma, akatulia, kisha akalala miezi miwili bila kutaka kuona mtu. Ile ya miaka miwili iliyopita ilikuwa "jini lilelile, lakini dogo". Mjomba wao naye alikuwa akipandwa hivyo kila baada ya miaka kadhaa hadi alipofariki.

Mambo haya hayakuwa siri. Tuliuliza juu ya furaha, na katika lugha ya nyumba ile jambo hilo halikuitwa furaha.

Tulibadilisha utambuzi: baipola ya aina ya kwanza, yaani ugonjwa wa vipindi vya kupanda na kushuka. Mwongozo wa Marekani hudai mania ya wiki moja, au muda wowote kama mgonjwa amelazimika kulazwa; kiwango chepesi chake hudai siku 4. Swali ambalo madaktari vijana huniuliza ni kama dawa ndiyo iliyotengeneza ugonjwa. Daftari linajibu. Alipanda mara mbili au tatu akiwa hajawahi kuonja kidonge cha sonona. Dawa ilikoleza moto uliokuwepo.

Matokeo

Alikaa wodini wiki tatu. Alipotulia aliona aibu kubwa, na aibu hiyo ilihitaji uangalizi kuliko hata kelele za mwanzo, maana kushuka baada ya mania ni wakati wa hatari kwa maisha ya mgonjwa. Tulimwona kila wiki kwa miezi miwili. Olanzapini aliendelea nayo kwa dozi ndogo zaidi, tukimpima uzito na sukari. Aliongezeka kilo 6 na hakuzipenda, tukazungumza juu yake bila kumbeza.

Viongozi wa kikoba kimoja walikubali, kwa barua ya hospitali isiyotaja ugonjwa, kupanga upya marejesho. Kikoba cha pili walikataa, wakachukua majora. Cherehani ya zamani, ambayo mumewe alimnunulia walipooana, haikupatikana tena. Huwa naliandika hili kwenye kila mafunzo ninayotoa.

Mwezi wa saba alianza kuzima tena. Dada aliona siku ya nne, akapiga simu. Bingwa alituongoza kupandisha olanzapini na kuanzisha fluoksetini chini ya ulinzi wa olanzapini hiyo, ufuatiliaji kila siku 5. Alishuka kidogo, hakufika chini. Hadi tunaandika haya imepita miezi 14 tangu alazwe, anashona, na kipindi kingine cha kulazwa hakijatokea.

Uchambuzi

Yaliyofaa nayataja kwa haki. Kuliacha neno huzuni na kuuliza harusi kulituokoa. Bila hivyo angeondoka na omeprazoli nyingine. Kuuliza juu ya kujiua waziwazi, kukwepa amitriptilini na kumkabidhi dada dawa, hayo ningeyafanya tena kesho. Namba ya simu mkononi mwa dada ndiyo iliyomrudisha wiki ya sita badala ya wiki ya kumi.

Kosa kubwa ni lile swali. "Furaha iliyopitiliza" ni maneno ya kitabuni. Mtu aliye shimoni hawezi kukumbuka juu, na hata akikumbuka, alichokiona yeye ni nguvu, baraka, kazi kwenda, au jini. Siku hizi nauliza usingizi kwanza: "Kuna kipindi maishani ulilala saa mbili tatu tu, siku kadhaa mfululizo, na asubuhi hukuchoka?" Mwenye sonona peke yake atasema akikosa usingizi anakuwa hoi. Aliyepanda hahitaji usingizi. Halafu nauliza fedha, kukopa, kugawa vitu, maneno mengi, ugomvi usio wa kawaida yake, na mwisho nauliza bila dharau: "Umewahi kupandwa? Ilikuwaje siku zile, ulilala?" Siulizi ili nibishane na imani ya mtu. Nataka kujua usingizi, muda, na kilichofuata.

La pili ni zile dalili tulizozipita. Sonona iliyoanza baada ya kujifungua, sonona inayojirudia, ndugu wa damu mwenye vipindi vya kupanda: kila moja ni sababu ya kuchimba zaidi kabla ya kutoa dawa ya sonona peke yake. Mbili za kwanza tulikuwa nazo kwenye karatasi. Wengi wenye baipola huja kliniki mara ya kwanza wakiwa chini, kwa sababu wakiwa juu hawaoni kwamba wanaumwa. Kwa uso wa siku moja, kuitofautisha sonona peke yake na sonona ya baipola haiwezekani. Zinatofautiana kwa miaka iliyotangulia, na miaka hiyo inabidi uichore. Mimi sasa huchora mstari kwenye karatasi mbele ya mgonjwa, naweka ndoa, uzazi, misiba, na tunapandisha na kushusha kalamu pamoja. Huchukua dakika 10. Mvuvi ana daftari la mauzo, mwalimu ana kitabu cha mahudhurio, mwenye duka ana orodha ya madeni, na simu ina kumbukumbu za miamala. Mtu akishindwa kukumbuka, kazi yake mara nyingi inakumbuka.

La tatu, wiki ya nne. Nafuu ya sonona huja kwa kusuasua, siku nzuri na siku mbaya, usingizi ukirudi. Nafuu inayokuja kwa kishindo huku mtu akiwa amepungukiwa usingizi inastahili kuogopwa. Baada ya PHQ-9 nzuri tunauliza sasa: jana usiku umelala kwa muda wa saa ngapi?

Na lipo la benchi. Kumwona mgonjwa peke yake ni haki yake, na kuna mambo, ya ndoa na ya kupigwa, ambayo hatayasema mbele ya ndugu. Lakini tulimwona peke yake mwanzo hadi mwisho. Dada yake, nilipomsomea rasimu hii, alinikatisha kwenye sehemu ya siku ya kwanza. "Nilikaa pale nje saa nzima, daktari," alisema, "na hayo yote nilikuwa nayo. Hamkuniita." Tangu wakati huo, kila mgonjwa mpya akishazungumza faragha, tunamwomba ruhusa, na akiikubali tunafungua mlango.